Moyo Uliovuliwa Mfuko

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Klara alifuatana na mjomba wake Melkiori kwenda buchani. Bucha lilikuwa katika mtaa ulio nyuma ya soko la Kariakoo, na kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kupasua mifupa. Shoka lilipanda, likashuka, mfupa ukalia, na vipande vikaruka mpaka ukutani. Damu ilitiririka juu ya gogo ikadondokea kwenye ndoo. Mwoga wa damu hakuwa na la kufanya mahali pale. Klara hakuwa mwoga wa damu, na jambo hilo lilimpa kichwa kikubwa kidogo.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwenyeji wa Masasi, na alikuwa mwaka wa pili katika masomo ya hospitali. Hakusomea udaktari. Alisomea kazi ya chumba cha upasuaji: kuandaa vyombo, kumpa daktari kisu, mkasi, kibanio na uzi, kila kimoja kwa wakati wake, na kujua kitakachoombwa kabla hakijaombwa. Muhula ule walikuwa wakijifunza moyo.

"Haya, mama, kazi yako hii," Mjomba Melkiori alisema, akamsogezea moyo wa ng'ombe juu ya karatasi.

Moyo ulikuwa safi, umetolewa mafuta, unang'aa. Mjomba alimpenda sana mpwa wake, na kila alipomwekea moyo aliuchuna kwanza ule mfuko mgumu unaouzunguka, akamrushia paka. Hakuna mteja aliyenunua mfuko, kwa hiyo hakuona faida ya kumpa msomi kitu ambacho hata mpika supu hakitaki. Klara alipasua vyumba vinne vya moyo, akapitisha kidole katika vali, akataja majina kwa sauti mpaka wateja wakasahau kudai nyama yao.

"Huyu ndiye daktari wetu wa Kariakoo!" alisema Kasmir, kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa kuletea nyama. "Daktari, na moyo wangu mimi je?"

"Wako umejaa sembe," Klara alimjibu, na watu wakacheka.

Darasani mambo hayakuwa matamu hivyo. Mwalimu wao alikuwa Sista Josepha, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya kukata. Klara alipompelekea mchoro wake wa moyo, akitegemea sifa, Sista aliutazama kwa muda, kisha akamrudishia.

"Moyo wako uko uchi," alisema. "Mfuko wake uko wapi?"

Wenzake walicheka. Klara aliona uso unamuwaka.

"Sista, mioyo ninayopasua buchani kwa mjomba wangu haina mfuko."

"Ng'ombe gani huyo anayetembea bila mfuko wa moyo? Mjomba wako amekuvulia nguo kazi yako. Nenda machinjioni, uone moyo unavyotoka kwenye mnyama. Upasue mfuko wewe mwenyewe. Uujaze maji uone moyo unavyobanwa. Jumatatu uniambie."

Klara aliondoka amenuna. Machinjioni kulinuka, kulijaa matope ya damu na nzi, na wanaume wenye visu walimpigia msichana miluzi. Isitoshe, mfuko ni mfuko tu, alijiambia, kifuniko cha kitu chenyewe. Kwa hiyo hakwenda. Alifungua kitabu, akasoma mistari ile mpaka ikaingia kichwani: moyo umo ndani ya mfuko mgumu usiovutika, damu ikivujia humo, moyo hubanwa ukashindwa kujaa, mishipa ya shingo huvimba na mapigo hufifia. Jumatatu akayasema yote bila kukwama.

"Umeuona?" Sista Josepha alimuuliza.

"Ndiyo, Sista."

Uongo huo ulimtoka kirahisi. Sista alimwekea alama ya vema, na habari ikaishia hapo, au ndivyo Klara alivyodhani.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa foleni. Sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa adimu, na vilipofika katika duka la ushirika watu walijipanga tangu alfajiri. Asiyeweza kusimama aliweka jiwe. Jiwe hilo lilihesabiwa kuwa mtu. Lilisogezwa mbele foleni iliposogea, na mwenyewe alikuja kuchukua nafasi yake mlango ulipofunguliwa. Mtu angeweza kukusamehe ukimkanyaga mguu, lakini jiwe lake hukuligusa.

Jumamosi iliyofuata duka la ushirika lililotazamana na bucha lilipata sukari. Foleni ilizunguka kona ikapotea. Kasmir alikuwa amemwekea mama yake, Mama Evarista, kipande cha tofali karibu na mlango, na kila aliporudi na mkokoteni wake alipita kulitazama. Safari moja alimkuta mtu mwingine amesimama mahali pa tofali. Alikuwa Ignasi, mshona magunia wa sokoni, mwanamume mwenye mabega mapana na hasira za karibu.

"Ndugu, hapo pana mwenyewe," Kasmir alisema.

"Mwenyewe yuko wapi? Mimi nilikuta kokoto."

"Mwenyewe ni mama yangu. Anaumwa miguu, hawezi kusimama."

"Basi mwambie mama yako aje alitafute jiwe lake mtaroni," Ignasi alisema, akalipiga tofali teke likatumbukia kwenye maji machafu.

Kasmir hakungoja neno la pili. Alimpiga kichwa cha pua. Ignasi alirudi nyuma, damu ikamwagika mdomoni, kisha akamrukia. Walianguka wote wawili kwenye vumbi, wakabingirika mpaka miguuni mwa watu. Kinamama walipiga mayowe. Foleni ikavunjika, kila mtu akasukuma ili asipoteze nafasi yake, mzee mmoja akakanyagwa, mlango wa duka ukagongwa mpaka bawaba zikalia. Katikati ya vurugu hiyo Kasmir alikuwa amemkalia Ignasi kifuani, anampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine. Ndipo mkono wa Ignasi ulipoingia katika mfuko wa kaptula yake ukatoka na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ndefu kama kiganja cha mtu. Aliizamisha ubavuni mwa Kasmir upande wa kushoto, chini kidogo ya chuchu, akaichomoa.

"Amechoma mtu! Ana shazia!"

Sasa hasira ya foleni nzima ikapata pa kwenda. Watu waliosimama tangu alfajiri bila chai, waliosukumwa na kutukanwa, wote walimgeukia Ignasi. Walimpiga kwa mateke, kwa fimbo, kwa yale yale mawe ya foleni. Mtu mmoja alimshindilia tofali kichwani, ngozi ikapasuka toka utosini hadi sikioni. Ignasi aliacha kupiga kelele.

"Muueni! Muueni!"

Mjomba Melkiori alitoka buchani na shoka mkononi. Alimkanyaga aliyeinua jiwe, akamsukuma mwingine kwa mpini, akasimama juu ya Ignasi miguu ameipanua.

"Anayetaka kuua aanze na mimi!" alinguruma. "Nimechinja tangu utoto. Ninajua kuua kulivyo, na nyinyi hamjui! Rudini!"

Walirudi nyuma, kwa sababu shoka lilikuwa bado na damu ya asubuhi. Klara alikuwa tayari amemfikia Kasmir, aliyekuwa ameketi juu ya mkokoteni wake ameshika ubavu. Watu waliwazunguka.

"Daktari wetu huyo! Mwangalie, dada!"

Klara alimfunua shati. Aliona kitundu, kidogo kama cha kuumwa na mdudu, na mstari mwembamba wa damu ambao ulikuwa umeanza kukauka. Aliufuta kwa ncha ya kanga. Hapakutoka damu nyingine. Roho yake ilitulia, na macho ya watu wote yakiwa juu yake alisema kwa sauti ya kitaalamu:

"Ni kitundu tu. Damu imekata. Kaa hapa, mpeni maji."

"Klara," Kasmir alisema, "nahisi kifua kinabana."

"Ni hofu tu. Tulia."

Akamwacha. Kule pembeni Ignasi alikuwa akivuja damu kama ndoo iliyotoboka, na Klara alimkimbilia. Alimfunga kichwa kwa kanga, akakandamiza kwa nguvu zake zote, mikono ikamlowa mpaka kwenye viwiko. Alijiona anafanya kazi ya kweli. Usimcheke, msomaji. Jicho la binadamu hufuata damu, na wewe pia ungemkimbilia anayevuja. Lakini wewe hukuwa umefundishwa, na Klara alikuwa amefundishwa.

"Dada! Dada, huyu analala!"

Aligeuka. Kasmir alikuwa ameteleza kutoka kwenye mkokoteni, amelala ubavu, kikombe cha maji kimemwagika. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa. Klara alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwapo, yakapotea, yakaja tena membamba kama uzi. Kisha akaona shingo. Mishipa yake ilikuwa imevimba pande zote mbili kama kamba zilizopitishwa chini ya ngozi.

Ile mistari aliyoikariri ikamrudia yote. Damu haikukata. Ilikuwa ikivuja ndani, katika mfuko ambao hakuwahi kuuona, na mfuko ulikuwa ukiunyonga moyo wa Kasmir mbele ya macho yake wakati yeye anamfunga kichwa mtu mwingine.

"Mjomba!" alipiga kelele. "Mjomba, anakufa! Mkokoteni! Hospitali!"

Walimpakia Kasmir kwenye mkokoteni wake mwenyewe. Mjomba Melkiori alishika mpini, vijana wawili wakasukuma nyuma, Klara akakimbia pembeni ameshika mkono wa mgonjwa. Walikata Mtaa wa Msimbazi kwa matusi na vishindo. Walipindua meza ya machungwa, wakamgonga mwendesha baiskeli, na mgambo mmoja aliyetaka kuwasimamisha alipigwa kikumbo na Mjomba akakaa chini barabarani. Nyuma yao gari la polisi lilikuwa limefika kumchukua Ignasi, akiwa hai.

Hospitalini Klara aliwapitisha moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari Vasant, mzaliwa wa Mchafukoge, mtu mpole aliyezoea kuuliza mara moja tu, alikuwa akitoka.

"Amechomwa na nini?"

"Shazia, Daktari. Upande wa kushoto."

"Nani alimwona kwanza? Alikuwaje?"

Hapo Klara angeweza kusema walimkuta hivyo hivyo amezirai. Hakuna ambaye angempinga. Sista Josepha alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Mimi ndiye niliyemwona. Alikuwa anazungumza, amekaa mwenyewe. Alisema kifua kinabana. Nilimwambia ni hofu. Nilisema ni kitundu tu, nikamwacha. Halafu shingo ikavimba."

Daktari alimwekea Kasmir kipimo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza, akaitazama shingo.

"Alizungumza, kisha akazama," alisema. "Basi hatungoji picha. Mwingizeni sasa hivi. Sista, nani yupo?"

"Leo nina msaidizi mmoja tu, naye yuko na mama anayejifungua kwa kisu," Sista alisema. Alimgeukia Klara. "Osha mikono."

"Sista, mimi—"

"Osha mikono!"

Kasmir alipewa nusu kaputi, kidogo tu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuhimili zaidi. Daktari alipitisha kisu kati ya mbavu kwa mkato mmoja mrefu. Damu ilifuata kisu. Kisha kikaja chuma cha kutanulia mbavu, na daktari alipokaza, ubavu mmoja ulivunjika kwa mlio ambao Klara aliujua vizuri kutoka buchani. Lakini huyu hakuwa ng'ombe. Huyu alikuwa Kasmir aliyeuliza habari za moyo wake.

Ndipo alipouona mfuko. Haukuwa kifuniko cha kitu. Ulikuwa umevimba, umekaza, una rangi ya zambarau iliyoiva, na ndani yake moyo haukupiga. Ulitikisika tu, kama kuku aliyetiwa ndani ya gunia. Klara aliukodolea macho. Aliona aibu, na aliona hofu, na vyote viwili vilimganda mikononi.

"Mkasi," daktari alisema.

Klara hakusogea.

"Mkasi!"

Sista Josepha alimpiga kiwiko cha mbavu, kiwiko cha kweli. "Utalia baadaye! Mpe mkasi!"

Alimpa mkasi. Daktari alikata. Damu iliruka kama bomba lililopasuka, ikampiga daktari kifuani na Klara usoni, na nyuma yake yakatoka mabonge meusi kama maini. Moyo ulitanuka. Ulijaa, ukaruka, ukaruka tena, na kila uliporuka ulitema damu kwa kitundu kidogo mno. Daktari alikifunika kwa kidole.

"Uzi," Klara alisema kabla hajaombwa, akauweka mkononi mwake.

Kuanzia hapo hakukosea. Sindano, kibanio, mkasi, uzi tena. Daktari alishona kitundu huku moyo ukimrukia vidoleni. Alipoondoa kidole, damu haikutoka. Mashavu ya Kasmir yalianza kurudiwa na rangi kidogo kidogo, na mtu wa nusu kaputi akasema mapigo yanashikika mpaka kwenye mguu.

Walipotoka, Klara alikaa sakafuni mwa chumba cha kunawia.

"Sista," alisema, "sikwenda machinjioni. Nilikudanganya."

"Nimejua nilipoona unavyoutazama mfuko ule," Sista alijibu. "Amka. Ndugu zake wanakuja."

Mama Evarista alifika akichechemea kwa miguu yake mibovu, na Kariakoo nzima ilikuwa imekwishampa habari njiani, na chumvi juu yake. Mwanao ameokolewa na Klara! Klara ndiye aliyegundua! Alipomwona Klara kwenye veranda ya wodi, alimkumbatia akalia, akamwekea mikononi kifungu cha kanga mpya, aliyoipata kwa foleni ya siku nzima.

"Mwanangu, Mungu akulipe. Wewe ndiye uliyemrudisha."

Klara aliishika ile kanga. Ilikuwa nzuri, na maneno yalikuwa matamu, na Mjomba Melkiori alikuwa amesimama pale ametabasamu kwa fahari. Akamrudishia mama kanga yake.

"Siwezi kuipokea, mama. Kasmir aliniambia kifua kinabana, nikamwambia ni hofu. Nilitazama kitundu, sikumtazama yeye. Nilimwacha akikaribia kufa, kwa sababu nilitaka watu waone ninajua."

Mama Evarista alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Alimpiga kofi la uso lililosikika hadi mwisho wa veranda. Mjomba alitaka kuingilia, Sista Josepha akamzuia kwa mkono. Klara hakujikinga. Shavu lilimuwaka, machozi yakamtoka, na mama yule alisimama anahema, mkono bado uko hewani.

"Nenda ukakae chini, mama," Sista Josepha alimwambia kwa upole. Halafu akamgeukia Klara, na safari hii sauti yake haikukata. "Sikiliza. Ulijua maneno yote, hata mimi nilidanganyika. Lakini kitu ulichokariri bila kukiona hukikumbuki mpaka mtu ameanguka. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu 'nimeona' naye hakuona, hamwibii mwalimu. Anamwibia mtu ambaye hajamfahamu, atakayelala mbele yake siku moja. Wewe umebahatika. Mtu wako bado anapumua. Na anapumua pia kwa sababu ulisema kweli pale mlangoni, wakati uongo ulikuwa rahisi. Daktari angepoteza muda kutafuta jibu ulilokuwa nalo mdomoni."

Klara aliitikia kwa kichwa.

Mama Evarista hakukaa chini. Alijifuta macho kwa ncha ya ile kanga mpya, akamshika Klara kifundo cha mkono, kwa nguvu mpaka akamuumiza, akamvuta kuingia naye wodini. Alimsimamisha kando ya kitanda. Kasmir alikuwa amelala amefungwa kifua chote, mrija ubavuni, macho yamefumba, anapumua.

"Mwangalie tena," mama alisema. "Mwili wote, kuanzia kichwani. Na usiniambie lolote mpaka umemaliza."

Klara akainama, akaanza na shingo.